Kufungua Vifurushi vya Gemu kwa QuickBMS

Gemu uliyoweka kwenye kompyuta yako ina folda chache na mafaili makubwa yasiyofunguka. Unalibofya moja, Windows inakuuliza ulifungue kwa programu gani. Sauti, picha, ramani na maandishi vyote vimo humo. Ukishajua namna ya kuviendea, unavitoa kwa mstari mmoja wa amri.

Zana tutakayotumia ni QuickBMS, iliyoandikwa na Luigi Auriemma wa Italia. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Haina vitufe vya kupendeza, na hilo lisikutishe. Ukiweza kuandika jina la faili bila kukosea herufi, unaiweza.

Ila shika jambo moja mapema. QuickBMS yenyewe haijui gemu yoyote. Inafuata skripti, yaani faili dogo la maandishi linaloeleza kifurushi fulani kimepangwaje. Skripti ikiwa sahihi, kazi inaisha kwa sekunde. Skripti ikiwa ya kifurushi kingine, hakuna swichi itakayokuokoa. Kwa hiyo muda wako utumie kukijua kifurushi kwanza. Wengi wanafanya kinyume: wanapakua skripti kumi na kuzijaribu moja baada ya nyingine mpaka bando liishe.

Tutajifunzia kwenye Quake, gemu ya id Software iliyotoka Juni 1996. Ni ya zamani, ndiyo, na ndiyo faida yake. Kifurushi chake kikuu, pak0.pak, hakijabanwa wala hakijafungwa kwa ufunguo wa siri. Ukikielewa hicho, vingine vitakuwa ni vilevile na makorokoro ya ziada juu yake.

Tayarisha mahali pa kazi

Tengeneza folda fupi isiyo na nafasi kwenye jina lake. C:\kazi inatosha. Ukifanyia kazi ndani ya folda yenye jina refu lenye nafasi, itabidi uweke alama za kunukuu kila mara, na siku utakayosahau utapata makosa yasiyoeleweka.

Chukua QuickBMS kwenye tovuti ya mwandishi wake mwenyewe. Usiichukue kwenye kurasa zenye vitufe vitano vya kupakua ambavyo vinne ni matangazo. Toa quickbms.exe na uiweke ndani ya C:\kazi.

Sasa nakili pak0.pak, uilete hapo. Nakili, usihamishe. Kama ulinunua Quake kwa Steam, utakuta folda mbili zinazofanana: Id1, ambayo ni gemu ya zamani, na nyingine ndani ya rerelease, ambayo ni toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2021. Chukua ya Id1, kwa sababu hesabu nitakazokupa hapa ni za hiyo.

Tengeneza pia folda tupu ndani ya C:\kazi, uiite toleo. Humo ndimo mafaili yatakamomwagwa. Usiyamwage palepale ulipo, utakesha ukitenganisha chako na cha gemu.

Kufungua dirisha la amri mahali sahihi kuna njia ya mkato. Fungua C:\kazi kama kawaida, bofya kwenye upau wa juu unaoonyesha anwani ya folda, futa kilichomo, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda yako. Ukipendelea PowerShell, tanguliza .\ kabla ya jina la programu, la sivyo itakuambia haiijui.

Vitufe viwili vya kuzoea leo hii: Tab na mshale wa juu. Andika herufi mbili tatu za jina la faili, bonyeza Tab, jina linajimalizia lenyewe. Mshale wa juu unarudisha amri iliyopita ili urekebishe neno moja badala ya kuandika yote upya. Nusu ya makosa ya wanaoanza ni majina yaliyoandikwa vibaya, na Tab inayamaliza.

Kama unatumia Linux, kumbuka kwamba PAK0.PAK na pak0.pak ni mafaili mawili tofauti. Gemu nyingi za enzi ya DOS zina majina ya herufi kubwa. Angalia kwanza kwa ls.

Soma kichwa cha faili

Hapa ndipo pa kutulia.

Baiti za mwanzo za kifurushi mara nyingi ni jina lake la kweli. Kwenye Linux au Mac, zione hivi:

xxd -l 16 pak0.pak

Kwenye Windows, fungua faili kwa HxD, kihariri cha heksa cha bure, utazame mstari wa kwanza. Usibadilishe kitu, tazama tu.

Baiti nne za kwanza zitakuwa 50 41 43 4B. Upande wa kulia zitasomeka PACK. Hiyo ndiyo alama ya kifurushi cha Quake.

Baiti nne zinazofuata zinasema orodha ya mafaili inaanzia wapi ndani ya kifurushi. Nne za baada ya hapo zinasema orodha hiyo ina ukubwa gani. Kwenye pak0.pak ya matoleo ya zamani, hizo za ukubwa ni C0 54 00 00. Namba hizi husomwa kuanzia nyuma, yaani 000054C0. Weka kikokotoo cha Windows kwenye hali ya programa, chagua HEX, andika 54C0, kitakupa 21,696.

Kila faili lina baiti 64 kwenye orodha: 56 za jina, nne za mahali linapoanzia, nne za urefu wake. Gawa 21,696 kwa 64. Unapata 339. Basi kifurushi chako kina mafaili 339, na umelijua hilo kabla zana haijaguswa. Ikumbuke namba hiyo, tutaitumia kukagua kazi.

Usiamini herufi za mwisho za jina la faili. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Unreal Engine nazo zina mafaili ya .pak, lakini hayahusiani kabisa na ya Quake. Alama yake haiko hata mwanzoni. Iko karibu na mwisho wa faili, baiti E1 12 6F 5A. Ukiipa QuickBMS faili kama hilo pamoja na skripti ya Quake, itakataa, na itakuwa sahihi.

Alama nyingine utakazokutana nazo sana: IWAD au PWAD ni Doom na jamaa zake. PK ni zipu ya kawaida. MPQ ni ya Blizzard. BSA ni ya Bethesda, kwenye Oblivion na Skyrim. RPA-3.0 ni Ren'Py. GDPC ni Godot. UnityFS inajitaja yenyewe. Ziandike kwenye karatasi uibandike karibu na skrini.

Ukiona PK, acha QuickBMS kabisa. Quake III ya mwaka 1999 ina mafaili ya .pk3, na hayo ni zipu zilizobadilishwa jina tu. Yafungue kwa 7-Zip:

7z l pak0.pk3
7z x pak0.pk3 -otoleo

Ya kwanza inaorodhesha, ya pili inatoa. Tumia x, usitumie e. Ile e inamwaga kila kitu kwenye folda moja bila kufuata folda za asili, na mafaili yenye majina yanayofanana yanagongana. Na ile -o imeshikana na jina la folda. Si kosa la chapa.

Andika skripti yako

Kwa gemu maarufu utapata skripti iliyokwisha kuandikwa. Mwandishi wa QuickBMS ameweka nyingi sana kwenye tovuti yake. Lakini ya Quake iandike mwenyewe. Ni mistari kumi na moja, na utakachojifunza kitakusaidia kusoma za wengine.

Fungua Notepad, andika:

idstring "PACK"
get MAHALI long
get UKUBWA long
math UKUBWA / 64
goto MAHALI
for i = 0 < UKUBWA
  getdstring JINA 56
  get MWANZO long
  get UREFU long
  log JINA MWANZO UREFU
next i

Maneno ya herufi kubwa ni majina niliyoyachagua mimi. QuickBMS haijali lugha, kwa hiyo yaandike kwa Kiswahili ukipenda. Maneno ya herufi ndogo ndiyo amri zenyewe, hayo usiyaguse.

Mstari wa kwanza unahakikisha alama ni PACK. Isipokuwa hivyo, kazi inasimama hapohapo, na ndivyo unavyotaka. Miwili inayofuata inasoma zile namba mbili ulizoziona kwenye heksa. Wa nne unafanya ule mgawanyo wa 64. Wa tano unaruka mpaka kwenye orodha. Kisha kitanzi kinapita kwenye kila faili, kinasoma jina, mwanzo na urefu, na log ndiyo inayolitoa nje.

Hifadhi kwa jina quake.bms. Hapa Notepad ina ujanja wake: itaongeza .txt kimyakimya, upate quake.bms.txt. Dawa yake ni kuandika jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, "quake.bms", kwenye kisanduku cha kuhifadhi.

Orodhesha, kisha ndipo utoe

Amri yako ya kwanza isiwe ya kutoa. Iwe hii:

quickbms.exe -l quake.bms pak0.pak

Swichi -l inaorodhesha bila kuandika chochote kwenye diski. Utaona safu ya mahali, ya ukubwa na ya majina ikipita. Mwishoni itakuambia imekuta mafaili mangapi. Kama ni 339, skripti yako ni nzima.

Tazama majina yenyewe pia, usitazame idadi tu. Yanatakiwa yasomeke: sound/player/death1.wav, maps/start.bsp, gfx/palette.lmp. Ukiona vikorokoro badala ya majina, skripti inasoma mahali pabaya hata kama haijalalamika. Ukubwa nao uwe wa kuingia akilini. Faili la sauti la mlio mmoja lenye gigabaiti tatu halipo duniani.

Orodha ndefu ihifadhi kwenye faili ili uisome kwa nafasi:

quickbms.exe -l quake.bms pak0.pak > orodha.txt 2>&1

Ile 2>&1 inahakikisha maneno yote yanaingia, pamoja na ya makosa. Fungua orodha.txt kwa Notepad, tafuta kwa Ctrl+F.

Sasa toa:

quickbms.exe quake.bms pak0.pak toleo

Mpangilio haubadiliki kamwe: swichi kama zipo, kisha skripti, kisha kifurushi, kisha folda ya kupokelea. Ukibadilisha nafasi za skripti na kifurushi, zana itajaribu kusoma megabaiti za gemu kama maandishi ya skripti. Utaona uchafu mwingi kwenye skrini. Hakuna kilichoharibika, bonyeza Ctrl+C uanze tena.

Mara nyingi huhitaji kila kitu. Kama unataka sauti peke yake, chuja:

quickbms.exe -f "*.wav" quake.bms pak0.pak toleo

Alama za kunukuu ziwepo. Bila hizo, hasa kwenye Linux, dirisha la amri lenyewe litaigeuza nyota kuwa kitu kingine kabla QuickBMS haijaiona. Unaweza kuchuja kwa folda pia: "*player*" itakupa kila chenye neno hilo kwenye njia yake. Kwa gemu za siku hizi zenye gigabaiti 60 au 80, kuchuja ndiko kutakakookoa diski yako. Vitu vikitoka vikiwa vimebanduliwa ubanaji wake, vinaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko gemu yenyewe.

Ukirudia amri, QuickBMS itakuuliza kila faili kama uandike juu ya la zamani. Weka -o iandike juu yote bila kuuliza, au -k iyaache yaliyopo. Mimi nashauri -k kama umeshaanza kuhariri kitu ndani ya folda ile. Ukitaka kuwa salama zaidi, tengeneza folda mpya kwa kila jaribio.

Kifurushi kikizidi gigabaiti 4, tumia quickbms_4gb_files.exe iliyo kwenye furushi lilelile ulilopakua. Matumizi ni yaleyale.

Zana ikilalamika

Ikisema alama ya mwanzo si ile inayotarajiwa, rudi kwenye heksa. Umeshika skripti ya kifurushi kingine, au gemu imebadilisha mpangilio kwenye sasisho. Usifute mstari wa idstring ili kuilazimisha iendelee. Ule mstari ni mlinzi wako.

Ikisema faili halijatimia na haiwezi kusoma baiti kadhaa, usikimbilie kupakua gemu upya. Kwa kawaida faili ni zima. Skripti imesoma namba isiyo ya ukubwa ikaidhania ni ukubwa, ikatumwa mahali ambapo faili lilishaisha. Pakua upya pale tu ambapo gemu yenyewe inakataa kucheza.

Mafaili yakitoka kwa idadi sahihi na majina sahihi lakini hayafunguki, kuna mambo mawili ya kukagua. Kwanza, huenda yamebanwa. Fungua moja kwa heksa. Likianza na 78 9C au 78 DA, karibu hakika limebanwa kwa zlib, na skripti inatakiwa itumie clog badala ya log ikiwa na ukubwa wa aina mbili, uliobanwa na usiobanwa. Pili, huenda yamesimbwa. Baiti zitaonekana za kubahatisha tangu mwanzo mpaka mwisho, bila neno moja linalosomeka. Bila ufunguo, hapo hakuna ujanja wa swichi.

Antivairasi ikiinuka na kuishuku zana, usiizime kwa kompyuta nzima. Hakikisha uliipakua kwa mwandishi mwenyewe, kisha ruhusu folda ya C:\kazi peke yake.

Ulichokipata

Mafaili ya .wav yacheze mara moja, hayahitaji kitu. Sauti za Quake zilitengenezwa na Trent Reznor wa Nine Inch Nails, na ukifungua b_nail0.bsp ndani ya folda ya maps kwa programu ya kutazama ramani utakuta nembo ya bendi hiyo kwenye sanduku la misumari. Watu walicheza gemu hii miaka bila kuuliza ile nembo inafanya nini pale.

Muziki usiutafute humo. Haumo. Quake ilitoka kwenye CD, na muziki ulikaa kwenye CD hiyohiyo kama nyimbo za kawaida ambazo ungeweza kuziweka kwenye redio. Hili lichukue kama desturi ya kazi: kitu kisipoonekana kwenye kifurushi, kagua folda za jirani kabla ya kuilaumu skripti.

Mafaili mengi ya .lmp ni picha, lakini programu yako ya picha haitayafungua. Hayabebi rangi ndani yake, yanabeba namba za rangi tu. Rangi zenyewe ziko kwenye gfx/palette.lmp, baiti 768, yaani rangi 256 za baiti tatu tatu. Tumia programu inayojua Quake, kama SLADE, nayo itaunganisha hivyo viwili. SLADE ina madirisha na vitufe, na kwa kutazama picha nakubali inaishinda amri.

Kuhusu haki, mambo ni mepesi kueleza. Id Software ilitoa msimbo wa Quake chini ya leseni ya GPL mwaka 1999, lakini sauti, picha na ramani bado ni mali yenye mwenyewe. Toa, sikiliza, jifunze, hariri kwa matumizi yako. Usiweke yaliyotoka kwenye pak0.pak kwenye Telegramu wala usiyauze kama milio ya simu. Na gemu za kuchezwa na wengine mtandaoni, usiguse vifurushi vyake kabisa. Mfumo wa kuzuia udanganyifu hautakuuliza nia yako, utafunga akaunti.

Zana za jirani

QuickBMS si ya kila kifurushi. Ukiona RPA-3.0, weka unrpa kwa pip, ni nyepesi na imetengenezwa kwa ajili ya Ren'Py tu. Ukiona GDPC, tafuta GDRE Tools. Unreal ina UnrealPak, inayokuja pamoja na injini yenyewe, na inaelewa -List na -Extract. Unity ni dunia nyingine, tumia UnityPy kama unajua Python kidogo.

Kuna moja ya kuipenda: innoextract. Gemu nyingi za GOG huja kama faili la kusakinisha la Windows. Ukiwa na Linux au Mac, huwezi kulisakinisha kirahisi, lakini unaweza kulifungua:

innoextract -l setup.exe
innoextract -d toleo setup.exe

Unachukua pak0.pak yako ndani ya toleo, mambo yanaendelea.

Kurudisha ulichohariri

Umebadilisha kitu na unataka gemu ikitumie. QuickBMS inaweza kurudisha faili ndani ya kifurushi:

quickbms.exe -w -r quake.bms pak0.pak toleo

Sharti lake: faili jipya lisizidi ukubwa wa lile la zamani, hata kwa baiti moja. Na ndani ya toleo yaache yale uliyoyabadilisha tu. Fanya hivi kwenye nakala, kamwe usifanye kwenye kifurushi cha asili.

Ila kwa Quake njia hii siipendekezi. Gemu yenyewe ina mlango mzuri zaidi. Ukiianzisha kwa -game na jina la folda, inatafuta kila faili kwanza kwenye folda hiyo, na ikilikosa ndipo inarudi kwenye id1. Huhitaji kugusa kifurushi. Unahitaji toleo kamili, lenye pak1.pak pia. Lile la majaribio linakataa folda za nyongeza.

Tujaribu kitu kidogo: jina la ramani ya kwanza liandikwe kwa Kiswahili. Kiswahili kina bahati hapa. Herufi zetu zote zimo kwenye fonti ya mwaka 1996, hakuna vinukta juu wala mikia chini. Hata ng' ya ng'ombe inatosheka na alama ya kawaida ya apostrofi. Mturuki na Mpolandi wanapaswa kuchora herufi upya kabla ya kuanza.

Toa ramani:

quickbms.exe -f "*e1m1.bsp" quake.bms pak0.pak toleo

Maandishi ya ramani yamo ndani ya .bsp, na ukiyarefusha humo utaharibu faili. Yatoe nje kwa bsputil, iliyomo kwenye ericw-tools:

bsputil --extract-entities toleo\maps\e1m1.bsp

Unapata e1m1.ent, faili la maandishi tupu. Lifungue kwa Notepad, usilifungue kwa Word. Word hupinda alama za kunukuu, na injini haizielewi zilizopinda. Kwenye mabano ya kwanza, yale yenye worldspawn, tafuta "message". Badilisha maneno yaliyo kwenye alama za kunukuu zinazofuata, uweke jina lako la Kiswahili. Usiguse alama zenyewe. Hifadhi bila BOM. Notepad inakupa nafasi ya kuchagua hilo chini ya dirisha la kuhifadhi.

Tumia injini ya QuakeSpasm, kwa sababu inasoma mafaili ya .ent yakiwa nje ya ramani. Ndani ya folda ya gemu, jirani na id1, tengeneza folda iitwayo kiswahili, na ndani yake maps. Weka e1m1.ent humo. Kisha:

quakespasm -game kiswahili +map e1m1

Shikilia Tab wakati unacheza, jina la ramani litatokea chini.

Likitokea bado la Kiingereza, fungua konsoli kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika path. Gemu itakuonyesha folda na vifurushi inavyovisoma, kwa mpangilio wa kuvisoma. Folda ya kiswahili isipokuwemo, umekosea jina lake kwenye amri. Ikiwemo, andika external_ents uone kama thamani yake ni 1. Na hiyo ikiwa sawa, tazama kama Windows imekufichia .txt mwishoni mwa e1m1.ent.